Gito na Kiti cha Uwaziri: Filamu ya Kwanza ya Burundi Ikitazamwa Kutoka Kinama

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili riwaya, tamthilia na ushairi. Filamu tunaigusa kwa nadra, na filamu ya Burundi hatujaigusa kabisa. Sababu inaeleweka: filamu tunayokusudia kuizungumzia katika makala haya haikutengenezwa kwa Kiswahili. Wahusika wake huzungumza Kifaransa na Kirundi. Hata hivyo tunaona kuwa inawahusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwanza kwa sababu ya historia iliyoizunguka, na pili kwa sababu anwani yake ndogo tu imetutoa jasho darasani kuliko sura nzima za vitabu vingine.

Filamu yenyewe ni Gito l'ingrat, iliyotoka mwaka 1992. Mwongozaji wake ni Léonce Ngabo, aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye Warundi walimfahamu kama mwanamuziki muda mrefu kabla ya kumfahamu kama mtengenezaji wa filamu. Wimbo wake Sagamba Burundi, wa kuitakia nchi ustawi, ulikuwa tayari midomoni mwa watu. Gito ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya kubuni kuongozwa na Mrundi. Ikumbukwe kuwa ilitengenezwa kwa ushirikiano na wageni, hasa Uswisi, na wahusika wake watatu wakuu hawakuigizwa na Warundi. Gito aliigizwa na Joseph Kumbela, mwenye asili ya Kongo. Flora na Aoua Sangare wa Mali, ambaye watazamaji wa filamu za Afrika walikwisha kumwona katika Yeelen ya Souleymane Cissé (1987). Na Christine na Mfaransa Marie Bunel.

Hadithi si ngumu. Gito ni kijana Mrundi anayesoma Paris. Amepata shahada yake na sasa anarudi nyumbani akiwa na hakika moja moyoni: kwamba nchi inamngoja, na kwamba kiti cha uwaziri kimeshafutwa vumbi kwa ajili yake. Paris anamwacha mpenzi wake Christine, baada ya kumwahidi kuwa atamwita mara tu mambo yatakapokaa sawa. Mambo hayakai sawa. Uwaziri haupo, wala kazi ndogo kuliko hiyo haipatikani, na yeye hataki kujishusha. Katikati ya hayo anamrudia Flora, msichana wa utotoni mwake, bila kumwambia habari za Christine. Kisha Christine anafika Bujumbura bila kuitwa. Ngano zetu zimejaa wake wenza wanaoumana mpaka mmoja ageuke ndege au jiwe. Hapa wanawake wawili wanapokutana hawaumani. Wanaelewana, na wanakaa kitako kupanga namna ya kumtia adabu yule aliyewadanganya wote wawili.

Mtu atauliza: je, huyu ni mhusika mkuu wa namna gani? Gito ana majivuno, ni mwongo kwa wapenzi wake, na anawatazama watu wake mwenyewe kama abiria wa daraja la tatu. Tumeizoea lugha ya darasani inayosema "mhusika mkuu" na "shujaa" kana kwamba ni kitu kimoja. Vijana waliolelewa na filamu za Dar es Salaam wana neno lao, stelingi, na stelingi ana sheria zake: hafi, hashindwi, na mwisho haki huwa upande wake. Filamu za Kiswahili kutoka Tanzania, zile za marehemu Steven Kanumba (aliyefariki Aprili 2012) na wenzake, zimewafikia watazamaji wengi wa Maziwa Makuu. Kwa kipimo cha stelingi, Gito anafeli kila somo. Mtazamaji anakaa na mtu huyu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupewa mwingine wa kumpenda badala yake, isipokuwa wale wanawake wawili.

Hapa panafaa tofauti ambayo Kiswahili kinaisema kwa ufupi mno. Abunuwasi tunacheka naye. Yeye ni mnyonge mwenye akili, na anayeumbuliwa ni mfalme. Gito tunamcheka. Kiambishi kimoja cha mtendwa kinabadilisha kila kitu. Kwa istilahi za fasihi, za Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila (2003) na za wengine, tungeweza kubishana kama kazi hii ni ramsa, ni tashtiti au ni tanzia iliyojificha ndani ya ramsa. Sisi tunaona kwamba ilizaliwa ramsa, na kwamba historia ndiyo iliyoitia uchungu baadaye. Hoja hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Ngabo hakuwa peke yake katika kumweka mtu asiyependeka mbele ya kamera. Mnamo Februari 1993, filamu yake ilipopelekwa katika tamasha la FESPACO huko Ouagadougou, ilipata tuzo ya Oumarou Ganda, inayotolewa kwa kazi ya kwanza ya mwongozaji. Tuzo kubwa ya mwaka huohuo ilikwenda kwa Roger Gnoan M'Bala wa Ivory Coast kwa filamu Au nom du Christ, inayohusu mfuga nguruwe aliyedharauliwa kijijini mwake, ambaye anajitangaza kuwa nabii na kuwaburuza watu nyuma yake. Kwa hiyo waamuzi wa mwaka ule waliwatuza matapeli wawili: mmoja aliyejipa mbingu na mwingine aliyejipa wizara. Hii haikuwa ajali. Bara zima lilikuwa linatoka katika utawala wa chama kimoja, na watengenezaji wa filamu walikuwa wamechoka kumlaumu mkoloni peke yake. Ousmane Sembène alikwisha kuonyesha njia mwaka 1975 kwa filamu Xala, ambamo tajiri mpya wa Dakar anageuka kichekesho.

Lakini kwa nini Burundi, katika filamu yake ya kwanza kabisa, ichague mtu anayetaka uwaziri? Hapa inatubidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1986 Burundi iliingia katika mpango wa marekebisho ya uchumi uliosimamiwa na wafadhili wa kimataifa. Serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri wa wasomi, na mpango ule uliibana serikali. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1987, Pierre Buyoya alimpindua Jean-Baptiste Bagaza. Agosti 1988 yakatokea mauaji ya Ntega na Marangara, kaskazini mwa nchi. Oktoba mwaka huohuo Buyoya alimteua Adrien Sibomana kuwa waziri mkuu, na nafasi za mawaziri zikagawanywa takribani nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi. Hati ya Umoja ilipigiwa kura Februari 1991, na katiba ya vyama vingi Machi 1992. Kwa maneno mengine, filamu hii ilitengenezwa katika miaka ambayo viti vya uwaziri ndivyo vilivyokuwa siasa yenyewe. Nani akae, nani ainuke, wa upande gani, wangapi: watu walihesabu viti kama wahesabuvyo maharagwe. Akatokea msanii akasema: hebu tumtazame mmoja wa hao wanaokimbilia kiti, tena tumtazame bila kuuliza ni wa kabila gani. Mgogoro wa hadithi uko kati ya mtu na majivuno yake, na kati ya mwanamume na wanawake wawili aliowaongopea. Huo ulikuwa ujasiri, ingawa kwa juu unaonekana kama mzaha mtupu.

Kwa Kirundi waziri huitwa umushikiranganji. Ni neno lenye silabi saba. Si ajabu kwamba Gito alitaka kulibeba jina refu hivyo. Lake mwenyewe lina mbili tu, na kwa sikio la msemaji wa Kirundi linasikika kama kivumishi cha "-dogo" kikiwa katika ngeli ya ki-. Wanafunzi wa isimu watatambua hapa kanuni ya Dahl: ki- hugeuka gi- inapofuatwa na konsonanti isiyo ghuna, ndiyo maana kitabu chetu kwao ni igitabu. Kinama imebaki na ki- yake kwa kuwa n ni sauti ghuna. Hatudai kwamba Ngabo alilichagua jina kwa maana hiyo. Tunasema tu kwamba sikio husikia linachosikia.

Sasa tufike Kinama. Mtaa huu uko kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge, Cibitoke na Buterere. Karitiye zake kadhaa zimepewa majina ya mikoa, hivi kwamba mtu anaweza kutoka Muyinga akapita Ngozi akafika Bubanza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kiswahili kinazungumzwa humo pamoja na Kirundi, ingawa makao makuu ya Kiswahili cha Bujumbura ni Buyenzi, mtaa ambao Wabelgiji waliwatengea wale waliowaita "Waswahili". Baadhi ya wanafunzi wetu wanatoka Kinama, na tulipoitazama filamu pamoja nao tuligundua kwamba hawakuchekea mahali tulipochekea sisi.

Ili kuelewa, inafaa kukumbuka kwamba shahada, katika historia ya Burundi, haijawa kitu cha kuchekesha kwa kila mtu. Mwaka 1972, kuanzia mwisho wa Aprili, dola liliwakamata na kuwaua Wahutu waliokuwa na elimu: walimu, makarani, wahudumu wa dini, wanafunzi wa chuo kikuu, na hata wa sekondari. Makadirio mengi yanataja kati ya watu 100,000 na 300,000 waliouawa. Baada ya hapo zipo familia zilizoogopa kumpeleka mtoto shule ndefu, kwa kuwa zilikwisha kuona shule ndefu inaishia wapi. Kwa mjukuu wa familia kama hiyo, kijana anayerudi kutoka Paris na cheti mkononi akidai kiti si mjinga tu. Ni mtu aliyepata kile ambacho babu aliuawa kwa ajili yake, na ambaye hajui kwamba amekipata. Mwanafunzi mmoja alisema jambo hilo kwa namna yake: "Huyu anadhani nchi inamdai... hapana, anadhani anaidai nchi. Na nchi nayo inamdai yeye." Aliteleza ulimi katika sarufi, lakini katika kuteleza kwake alikuwa ameigusa filamu penyewe.

Hapo ndipo tulipoanza kuhangaika na anwani. L'ingrat tulitafsirije? Pendekezo la kwanza lilikuwa Gito Asiye na Shukrani. Ni sahihi, lakini limepooza. Linafaa kwa mtoto aliyesahau kusema ahsante. Wengi walipendelea Gito Mtovu wa Fadhila, na sisi walimu tuliegemea huko pia, kwa kuwa ndilo tamko ambalo Kiswahili chenyewe kimelipika. Kisha likatokea tatizo. Fadhila katika Kiswahili ni wema uliotendewa na mtu. Je, Gito alitendewa wema na nani? Wazazi? Flora aliyemngoja? Christine? Au dola lililogawa nafasi za masomo kwa upendeleo? Kama ni dola, basi kumwita mtovu wa fadhila ni kukubali kwamba elimu ilikuwa hisani ya wakubwa. Wanafunzi wa Kinama hawakukubali. Mmoja alileta methali ya asante ya punda kuwa mateke, akataka filamu iitwe Mateke ya Punda. Tulicheka, lakini tulikuta kwamba jina hilo linafanya kazi ambayo yale mawili hayafanyi: linamtazama anayepigwa teke, si adabu ya anayepiga.

Wenye kuijua Kichwamaji ya marehemu Euphrase Kezilahabi (1974) watakuwa wamekwisha kumfikiria Kazimoto, msomi mwingine anayerudi nyumbani na kushindwa kukaa ndani ya ngozi yake. Ulinganisho huu unatufaa sana darasani, nasi tunaupendekeza. Kazimoto naye hapendeki. Ana dharau, anawajeruhi watu, na mwisho anajiua. Kezilahabi anampa msomaji fikra za Kazimoto kutoka ndani, kwa nafsi ya kwanza, hivyo tunamchukia huku tukimwelewa. Ngabo anatuweka nje ya Gito, na kamera haiombi msamaha kwa niaba yake. Kwa maoni yetu Kezilahabi ni msanii mkubwa zaidi. Lakini Ngabo alifanya jambo ambalo riwaya ile haifanyi, yaani aliwapa walioumizwa nafasi ya kulipiza, tena kwa hila na kicheko.

Hoja ya kulipiza kwa kicheko inaonekana nyepesi mpaka mtu aangalie kalenda. Juni 1993 Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi wa kwanza wa urais wa vyama vingi, akaapishwa tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo aliuawa na wanajeshi. Miezi minane tu ilikuwa imepita tangu tuzo ya Ouagadougou. Yakafuata mauaji ya Watutsi vijijini, ya Wahutu yaliyofanywa na jeshi, na vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Bujumbura ilikatwa vipande. Kinama na Kamenge zikabaki za Wahutu, Cibitoke na Ngagara za Watutsi, na mtu aliyevuka barabara isiyo yake aliweza asirudi. Kufikia katikati ya 1995 operesheni za jeshi zilikuwa zimewafukuza wakazi wengi wa Kamenge, na Kinama nayo iliungua. Watu wakakimbilia milimani na Kongo; nyumba zikabaki kuta bila mabati.

Baada ya hayo, nani angeweza kumwonyesha Gito katika mtaa huo akategemea watu wacheke? Kiu ya kiti, ambayo filamu iliifanya upumbavu wa kijana mmoja, ilikuwa imegeuka kaburi la pamoja. Ndiyo maana tumesema ramsa hii ilitiwa uchungu na historia. Picha ni zilezile na maneno ni yaleyale, lakini mtazamaji wa leo anajua kinachokuja Oktoba, na wahusika hawajui. Kila Gito anapokitaja cheo chake cha kesho, sisi tunaujua mwaka.

Kazi ya kubuni haikufa katika miaka ile, ila ilihamia redioni. Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilianza mwaka 1997 kurusha mchezo wa Kirundi Umubanyi niwe muryango, uliotungwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Anwani yake msemaji wa Kiswahili anaikaribia bila kamusi: jirani ndiye ukoo. Redio iliingia katika nyumba ambazo filamu isingeingia. Na katika mitaa ya kaskazini yenyewe, Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichofunguliwa na wamisionari Waksaveri kabla ya vita, kiliendelea kuwakusanya vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere kwa michezo na mafunzo. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood. Wapo watu wazima leo Kinama ambao mara ya kwanza kukaa benchi moja na kijana wa Cibitoke ilikuwa humo.

Ngabo naye alirudi kwenye filamu kwa mlango mwingine. Mwaka 2009 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la FESTICAB mjini Bujumbura, lililowapa vijana wenye kamera ndogo mahali pa kuonyesha kazi zao. Burundi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki miaka miwili kabla, Julai 2007, na Kiswahili kikaingia katika madarasa ya shule za msingi. Wale waliokuwa darasani wakati huo ndio tunaowapokea chuoni. Wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Gito kabla ya sisi kulitaja. Kanumba wanamjua.

Kwa walimu watakaotaka kuifundisha filamu hii, tunashauri isifundishwe peke yake. Iwekwe kando ya filamu fupi Na Wewe ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt (2010), iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2011 katika kundi la filamu fupi. Hadithi yake imewekwa Burundi mwaka 1994. Basi dogo linasimamishwa na watu wenye silaha, abiria wanaamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, na kila abiria ana maelezo yake ya kwa nini hawezi kusimama upande wowote. Mtu anacheka huku mikono inatetemeka. Humo hakuna haja ya mhusika mkuu asiyependeka. Swali lenyewe ndilo lisilopendeka. Na safari hii anwani haikutusumbua. Ni Kirundi, nasi tuliisoma kwa Kiswahili, ikawa ileile.